Sweta Nililolitupa Motoni

Dodoma,
Jumapili, tarehe 12 Oktoba

Mwanangu Ndeshi,

Leo ni miezi minane na siku nne tangu niondoke nyumbani. Niliondoka tarehe nane Februari, asubuhi ya manyunyu, na wewe ulinisindikiza mpaka barabarani ukiwa umebeba begi langu kichwani, unatembea haraka kama mtu anayeogopa nitabadili mawazo. Sasa zamu yako imefika. Keshokutwa Jumanne utapanda basi la kwenda Lushoto kuanza chuo, na mimi sitakuwepo kukubebea lako.

Barua hii nampa dereva wa lori anayetoka hapa alfajiri. Ameniahidi kuikabidhi mkononi kwa binti wa shangazi yako pale sokoni Moshi, naye ataipandisha Machame jioni. Kwa hiyo ukiisoma, umebakiwa na jioni moja tu nyumbani. Ungeniuliza kwa nini sijapiga simu. Mambo haya nikiyasema kwa simu nitaanza kukohoa, kisha nitasema mtandao ni mbaya, kisha nitakata. Najijua.

Habari za kufunga mlango, kusali, kusoma kwa bidii na kutokula chakula cha watu usiowajua, mama yako ameshakwambia, na bibi yako amerudia. Mimi nayaruka hayo. Mimi nina jambo moja, ni la nguo, na usicheke kabla hujafika mwisho.

Alhamisi mama yako alinipigia. Katikati ya maongezi akasema, kama anavyosema habari za kuku, "Mwanao amepanga begi. Zilizotoboka amezitia kwenye kiroba, anasema atazichoma nyuma ya migomba kabla hajaondoka."

Nikamuuliza ni nguo zipi. Akanitajia: gauni la bluu lililochanika kwapani, sketi mbili zilizoachia pindo, sweta la kijivu lenye tundu mgongoni. Nikamwambia, "Sasa si uzishone?"

Akasema, "Mimi?"

Neno moja tu. Kisha akasema ng'ombe anamwita, akakata simu. Ilikuwa saa saba mchana, Ndeshi. Hakuna ng'ombe anayemwita mtu saa saba mchana.

Wewe unajua nusu ya sababu ya neno lile, maana ulikuwepo. Nusu nyingine ninayo mimi, na ndiyo mbaya zaidi. Nimekaa nayo muda mrefu. Sitaki uondoke na nusu peke yake.

Nianze mbali kidogo. Nilipokuwa darasa la sita nilikuwa na kaptura moja ya shule. Ilipotoboka nyuma, bibi yako hakuwa na kitambaa kingine ndani ya nyumba, akakata kipande cha gunia la kahawa akakishonea hapo. Alishona imara, kiraka kile kingebeba debe la mahindi. Lakini gunia lilikuwa na herufi zilizochapwa kwa rangi nyeusi, na herufi mbili zikabaki nyuma yangu, moja kila upande. Nilipoingia darasani mtoto mmoja akasimama juu ya dawati.

"Jamani pisheni njia, kahawa inakwenda mnadani!"

Mwingine akadakia, "Daraja la kwanza au la pili?"

"Mgeuzeni tusome!"

Darasa zima lilicheka. Hata mwalimu aligeukia ubaoni ili tusimwone uso.

Kuanzia siku ile nikawa natoka nyumbani asubuhi na daftari langu, napanda mpaka kwenye ule mfereji wa juu unaoleta maji shambani kwetu, nakaa pembeni yake mpaka nisikie watoto wanarudi. Nilifanya hivyo wiki tatu. Bibi yako alipogundua alinichapa akanirudisha, nikakaa siku mbili, nikatoroka tena. Mwisho akachoka. Watu wakiniuliza kwa nini niliishia la sita, nasema umaskini. Si kweli. Kulikuwa na wenzangu waliovaa kaptura mbaya kuliko yangu, wakamaliza la saba, na mmoja wao leo ni mwalimu. Mimi niliachishwa shule na kicheko. Nilikimbia kitu ambacho kingekwisha chenyewe kwa wiki moja, mtu mwingine akitokea na kituko kipya.

Pale kwenye mfereji nilijiapia kwamba nikipata mtoto hatavaa kiraka. Kilikuwa kiapo cha mtoto wa miaka kumi na mitatu mwenye hasira. Ningekiacha pale pale kwenye maji. Nilikibeba mpaka nikawa na mke.

Na nikaoa nani? Nikaoa mtu mwenye mkono wa kufufua nguo.

Kabla sijamwoa, mama yako alifanya kazi za nyumbani miaka minne mjini Moshi, kwa familia moja ya Kihindi iliyokuwa na duka la vitambaa. Alikuwepo bibi mzee, mama wa mwenye duka, ambaye kila alasiri alikaa barazani na nguo ya mtu, akijaza tundu kwa uzi. Hakuwa akibandika kiraka. Alipitisha nyuzi za kwenda, kisha nyuzi za kurudi, moja juu moja chini, mpaka tundu likafunga kama kidonda kinavyofunga. Mama yako alikuwa akimpelekea chai, halafu hatoki. Siku moja yule bibi akamwambia, "Wewe kila siku unaangalia tu. Kaa. Shika." Akamfundisha mpaka na sweta, ambalo ni gumu zaidi, maana unafuata kitanzi kwa kitanzi. Na jambo alilomsisitizia ni kwamba uzi usianze kuutafuta dukani. Igeuze nguo ndani nje, tafuta kwenye pindo au kwenye mshono, uchomoe uzi wake wenyewe. Kila nguo imekuja na dawa yake, ndivyo mama yako alivyokuwa akisema zamani. Nadhani wewe hujawahi kumsikia akisema hivyo.

Sasa nifike kwenye Krismasi ile.

Ulikuwa na miaka kumi na moja. Mimi nilikuwa nabeba zege Arusha. Unajua kwetu ilivyo. Mwaka mzima mlimani wanabaki wazee, watoto na ng'ombe, halafu Desemba magari yanapanda yamefuatana, kila mtu anarudi shambani, kwenye kihamba cha baba yake, na kila mtu anaangaliwa. Amerudi na nini? Mkewe amevaaje? Watoto wake wamevaaje kanisani? Aliyerudi mikono mitupu haambiwi kitu. Anaangaliwa tu, na anakaribishwa nyama kwa sauti ya upole kuliko wenzake.

Asubuhi ulivaa gauni jipya nililokuletea, tukaenda kanisani vizuri. Jioni ukungu uliposhuka ukasikia baridi, ukaingia ndani, ukatoka na sweta lako la shule, lile la kijani. Viwiko vyake vilitoboka tangu Oktoba. Mama yako alikuwa ameyajaza matundu yale kwa jioni tatu, kwa uzi aliouchomoa kwenye pindo la sweta lenyewe. Kwa kuwa uzi wa ndani ya pindo haukuwahi kupigwa na jua, viwiko vilikuwa kijani kibichi na sweta lililobaki lilikuwa limepauka. Wewe uliona ni jambo kubwa. Ulimwendea kila mtu umekunja mkono: "Ona, mama ameniwekea viwiko vipya."

Tulikuwa tumekaa uani, tumeuzunguka moto wenye sufuria la supu ya mbuzi, kata ya pombe ya mbege ikipita mkono kwa mkono. Mke wa baba yako mdogo akakutazama, akacheka.

"Jamani! Sweta la zamani, viwiko vipya! Huyu mtoto anakua kuanzia kwenye viwiko?"

Watu wakacheka. Baba yako mdogo naye akaongeza, "Kaka, mwakani tuletee na mabega, tuunganishe sweta zima."

Ulikuwa utani wa ndugu walioshiba. Hata wewe ulicheka, na mama yako alikuwa anatabasamu. Mimi peke yangu sikusikia utani. Mimi nilisikia darasa la sita.

Nikakuita. Ukaja unacheka. Nikakuvua lile sweta, nikalisukumia chini ya sufuria, nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Mwanangu havai viraka."

Liliwaka haraka, likatoa moshi mweusi na harufu ya plastiki, shangazi yako akaruka kufunika supu. Wewe hukulia. Ulinitazama mimi, ukamtazama mama yako, kisha ukashika viwiko vyako kwa mikono yote miwili.

Mama yako alikuwa na bakuli mkononi. Aliliweka chini, akaingia ndani, akatoka na kile kikopo cha mafuta ya mgando alichokuwa akiwekea sindano zake. Akapita katikati yetu sote mpaka alipokaa bibi yako. "Mama, nitunzie hiki. Mimi sina kazi nacho tena." Kesho yake nilimpelekea shati langu lililokatika kifungo. Nilidhani yamekwisha, maana mimi nilikuwa nimeshalala nikaamka. Akaliangalia, akanirudishia. "Litafutie moto," akasema.

Mwaka wa tisa huu, Ndeshi, sijamwona na sindano mkononi.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo la nusu yangu. Sweta jipya nililokununulia baada ya lile kuungua lilikuwa zuri la kuangalia. Kufika Pasaka mshono wa bega ulikuwa umeachia, kufika Juni mkono mmoja ulikuwa unaning'inia. Wa kuushona hakuwepo tena ndani ya nyumba ile, kwa sababu nilimwondoa mwenyewe. Nilisema nitatuma jingine, nikachelewa, nikasema nitatuma mwisho wa mwezi, nikachelewa tena. Julai ile ukungu ulikaa hadi adhuhuri siku nyingi, na wewe ulikwenda shule na blauzi. Ukapata kichomi. Ulilala hospitali siku kumi na moja, mama yako akilala chini pembeni ya kitanda chako. Mimi sikuja. Nilisema msimamizi amenikatalia ruhusa. Sikuwahi kumwomba.

Nilipiga simu kila jioni, na kila jioni nilisubiri mama yako aseme neno "sweta". Angelisema, ningemjibu kwa ukali, tungegombana, na mimi ningepata nafuu. Hakulisema hata mara moja. Mpaka leo hajalisema.

Miaka mingi nimelizungushia kosa hili maneno. Nimejiambia nilikuwa nimelewa. Nilikuwa nimepiga mafunda mawili ya mbege. Nimejiambia shemeji alinichokoza. Shemeji alikuwa anacheka na mtoto. Nimejiambia kichomi humpata yeyote. Hayo yote ni ya mtu anayetaka kulala usingizi. Ukweli ni kwamba niliona aibu ya watu, nikailipia kwa kifua chako na kwa mkono wa mama yako.

Sasa nikueleze nilivyogeuka, na usifikiri ni kwa mahubiri. Niligeuzwa na suruali.

Mwaka jana, hapa Dodoma, suruali yangu ya kazi ilipasuka magoti yote mawili. Saruji inakula nguo kama inavyokula mikono. Kitambaa kinakauka, kinakatika kama jani. Nikaitupa kwenye lundo la mifuko mitupu. Chumbani nalala na mwenzangu anaitwa Sadiki, mtu wa Kigoma, mrefu, anaswali swala zake zote tano na kati ya swala na swala anatania watu. Baada ya wiki mbili namwona mbele yangu anapanda ngazi na ndoo ya zege, na suruali aliyovaa naifahamu, ila inamwishia juu ya vifundo vya miguu.

"Sadiki, hiyo suruali umeitoa wapi?"

"Niliokota marehemu," akasema bila kugeuka. "Kumbe alikuwa amezimia tu."

"Hiyo ni yangu."

"Ilikuwa yako, Mangi. Ukaizika. Mimi nimefukua."

Hapa kazini Mchagga yeyote anaitwa Mangi, yaani chifu, hata kama ndoo ndiyo ufalme wake.

Aliivaa miezi mitano mbele ya macho yangu, na katika miezi hiyo mimi nilimaliza suruali mbili za mtumba. Kila alipopanda ngazi nilikuwa naangalia yale magoti. Hayakufunguka. Mwisho nikamwambia polepole, tukiwa wawili tu, anifundishe. Nilikosea kudhani Sadiki ana siri. Alitoka nje akaita jengo zima.

"Njooni muone! Mangi anataka sindano! Leo theluji yote ya kwenu inayeyuka!"

Wakaja. Wakanizunguka. Mmoja akasema, "Angalia asije akaiuza sindano." Mwingine akataka kujua kama nitashona na mbege. Nilikaa juu ya tofali, suruali mapajani, watu wazima kumi na wawili wananicheka, na ndipo nikagundua jambo ambalo ningeligundua nikiwa na miaka kumi na mitatu. Walicheka mpaka chai ilipofika. Chai ilipofika wakaenda kunywa chai.

Basi, ni hivyo tu. Kicheko cha watu hakifiki mbali. Nilikuwa nimekikimbia miaka thelathini, na chenyewe kiliishia kwenye birika.

Kushona kwenyewe kulinishinda mwanzoni, nisikufiche. Mara ya kwanza nilishona goti nikaunganisha mbele na nyuma. Nilipoingiza mguu ukagoma njiani, Sadiki akalala chini kwa kucheka. Mara ya pili nilifunga mfuko. Lakini mikono ya kazi inaelewa ikifundishwa taratibu. Tundu langu la kwanza kulijaza vizuri, dogo, la ukubwa wa kidole gumba, lilinichukua Jumapili nzima. Nilipomaliza nikaliangalia, na badala ya kufurahi nikaanza kukumbuka viwiko viwili, kila kimoja kina tundu la kiganja cha mtoto, kitanzi kwa kitanzi, jioni tatu, baada ya mtu huyo kukata majani ya ng'ombe, kukamua, kupika na kuosha vyombo.

Miaka yote ile nilidhani nimechoma sweta. Mtu asiyejua kazi hajui anachoharibu, Ndeshi. Ndiyo sababu nataka uijue kazi hii, hata kama hutaifanya kila siku. Mtu anayejua kushona haitazami nguo ya mwenzake kama mimi nilivyoitazama yako.

Siku ile ile nikampigia mama yako.

"Mama Ndeshi, nimeshona suruali."

"Nani ameshona?"

"Mimi."

"Kwa cherehani ya mtu?"

"Kwa mkono wangu."

"Uzi umeutoa wapi?"

"Dukani."

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini, na hujaiona?"

"Sina haja ya kuiona," akasema. Na nakwambia kweli, mwanangu, nilimsikia akicheka. Kidogo, kwa pua, kama mtu aliyeshtukizwa. Kisha akaniaga haraka.

Nimekaa na kile kicheko mwaka mzima. Mtu aliyeacha kabisa kitu hawezi kukukosoa namna ile kutoka Machame mpaka Dodoma. Mkono wake uko hai. Hana aliyemwomba, basi, na mimi niliyepaswa kumwomba ndiye niliyemkatisha.

Nikurudie wewe na kiroba chako. Umemwambia mama yako kwamba chuoni watakucheka. Watakucheka, sikudanganyi. Watoto wa watu watakuja na masanduku ya magurudumu, na yupo atakayeona mahali ulipoziba. Lakini kule Usambara kuna baridi kama yetu, na alfajiri ya Juni huwezi kujifunika wanachosema watu. Wala sikwambii uvae matambara. Nguo ikifa imekufa. Kitambaa kikishakuwa chepesi mpaka unaona mkono wako upande wa pili, uzi hauna pa kushika, kidekie sakafu kwa amani. Lakini sweta la kijivu halijafa. Nilikuona nalo Februari. Lina tundu moja tu.

Na ile haraka yako ya kukichoma kiroba, sikulaumu kwa hiyo. Hukuzaliwa nayo. Ulikuja na sweta lako kwa furaha ukawaonyesha watu, na mimi nikakufundisha, mbele ya ukoo mzima, kwamba kilichozibwa ni cha kufichwa. Ulikuwa mwanafunzi mzuri kuliko nilivyotaka. Kwa hilo nakuomba radhi wewe kwanza, mwanangu, na kwa zile siku kumi na moja ambazo sikuja.

Basi fanya hivi. Ukimaliza kusoma, pita kwenye migomba uende kwa bibi yako, umwamkie, umwombe kile kikopo. Anacho. Nilimuuliza mwezi uliopita, akanikaripia: "Ulidhani nimekitupa? Kila Jumamosi nazipaka sindano mafuta zisishike kutu. Nilijua kuna siku mtapata akili." Chukua kikopo, chukua sweta la kijivu, kaa karibu na mama yako. Usimwambie baba amesema. Mwombe akufundishe. Akisema "Mimi?", mjibu, "Ndiyo mama, wewe. Naondoka kesho."

Kwa jioni moja hutaijua kazi, hilo naelewa. Utaona mkono wake unakoanzia na unavyovuta, na unakoishia. Mengine utayapata kwa kukosea huko huko chuoni, kama mimi. Akikataa, usimkasirikie hata kidogo, na usimbembeleze mara tatu. Aliyemfundisha kukataa ni mimi. Chukua kiroba chako uende nacho, na kikopo pia, uanze mwenyewe. Geuza nguo ndani, tafuta uzi kwenye pindo.

Ukiona vyema, mpe barua hii aisome. Sina ninachomficha tena.

Krismasi tatu zilizopita sikuja nyumbani. Nilisema kazi haikuniruhusu. Kazi iliniruhusu, jengo hufungwa wiki mbili, na Sadiki ndiye aliyebaki akinishangaa, kwamba Mchagga gani huyu asiyepanda mlima Desemba. Nilikuwa nakuja mwishoni mwa Januari, watu wote wakiwa wameshashuka, ili nisikae kwenye moto ule na wale wale walioniona. Mama yako alikuwa ananipokea, ananipikia, ananifulia. Hakuna aliyegombana na mtu. Nyumba inaweza kukaa hivyo mpaka watu wanazeeka.

Nilifikiri kufuata mila. Unajua kwetu mtu aliyekosa humtuma mzee na jani la isale lililofungwa fundo, na anayepelekewa hawezi kulikataa, hata kama damu ilimwagika. Masale yapo, yamesimama mpakani mwa kihamba chetu, ningemtuma mzee yeyote wa ukoo na angefika. Nimeghairi. Isale halikataliwi, na mimi sitaki mama yako anisamehe kwa sababu mila imemfunga mikono. Nataka awe na nafasi ya kusema hapana. Nitamwomba kwa mdomo wangu, sisi wawili. Akikubali, basi siku ya Krismasi, ndugu wote wakiwa uani, nitasimama niseme nilichofanya, kwa sauti ile ile niliyotumia siku ile. Wakicheka, wacheke, nyama ikiiva watakula.

Mwaka huu sileti nguo mpya kwa mtu yeyote. Wewe utakuwepo au hutakuwepo, chuo ndicho kitakachosema, lakini ukiruhusiwa njoo.

Nenda salama, mama. Nina imani na wewe kuliko nilivyowahi kuwa nayo na mimi mwenyewe.

Mimi nitafika Machame Jumapili tarehe 21 Desemba, mchana, kabla magari hayajaanza kupanda. Nataka mama yako anijibu nyumba ikiwa bado haina watu. Akisema hapana, nitakwenda kulala kwa bibi yako, na Jumatatu asubuhi nitarudi kumwomba tena.

Baba yako